Jua la Kwenye Dari

Msaidizi wa daktari wa meno, mama wa watu wazima watatu, hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Lakini jioni, akishaosha vyombo, huketi kwenye kompyuta aliyoachiwa na kitinda mimba wake, akafungua mchezo wa kurusha ndege, na hapo usimguse. Kuruka anajua. Kutua hajui, wala hana haja nako. Hupanda juu, huchezea saa ya mchezo mpaka jua liwe linachomoza au linazama, kutegemea ameamkaje siku hiyo, kisha huzungukazunguka akitafuta pembe ambayo mwanga unalipiga bawa sawasawa. Akiipata, husimamisha kila kitu na kupiga picha ya skrini. Baada ya hapo huzima kompyuta akalale. Ndege zake zote, masikini, zingali angani.

Mumewe alimpa jina la Kapteni, na si kwa heshima. Jua la kutengenezwa lina faida gani, alikuwa akisema akipita nyuma ya kiti, na la kweli liko dirishani bure? Jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hiyo ilimkera mkewe kuliko dharau yenyewe, maana mtu wa mwisho kustahili kuzungumzia meno alikuwa huyo mume. Gego lake la chini, upande wa kulia, lilikuwa limeoza siku nyingi, na kila akikumbushwa kliniki alipata safari ya ghafla.

Picha moja ilimshinda kuificha. Jua limekaa juu ya mawingu, ndege imelalia kushoto, bawa linang'aa mpaka nchani. Akaipeleka kuchapishwa, ikarudi kubwa kama mlango, naye akaibandika kwenye dari ya kliniki, juu kabisa ya kiti cha wagonjwa. Miaka yote alikuwa akiwaonea huruma watu wanaolala pale midomo wazi wakihesabu nyufa. Sasa walikuwa na kitu cha kutazama, naye alifurahi kama aliyepata mjukuu.

Daktari hakufurahi. Picha imepinda, alisema, na wagonjwa nao wanapinda: kila anayelala anainamisha kichwa kushoto ili kuinyoosha, na yeye anabaki kufukuzana na meno. Iletwe iliyonyooka, la sivyo ishuke. Msaidizi akajaribu kupiga iliyonyooka. Ilikuwa nzuri kama kalenda ya benki, haina roho. Akaomba picha yake ikae mpaka Ijumaa, na ilimuuma kweli kweli.

Ijumaa alasiri akaingia nani? Mumewe, shavu limevimba, kimya kama maji ya mtungi. Maumivu yalikuwa yamemfunza adabu. Akalala kitini, akaushika mkono wa mkewe kwa nguvu, akafumba macho.

"Baba, fumbua macho," mkewe alimwambia. "Tazama juu."

Akatazama. Kidogo kidogo kichwa kikaanza kulifuata bawa, kikalala kushoto, na lile gego la kulia likaja lenyewe chini ya taa. Daktari, ambaye kwa magego ya kulia huimba "geuka kushoto, mzee, geuka tena" mpaka koo linamkauka, safari hii alichukua sindano tu akaanza kazi. Ganzi ikaingia, jino likatoka, na mgonjwa alikuwa bado yuko mawinguni.

Daktari akavua glavu, akainua macho darini.

"Unayo iliyolalia kulia?" akauliza. "Kwa meno ya kushoto."

"Nitaipiga leo leo. Na hii je?"

"Hii iguswe na nani?"

Msaidizi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, akaishia kupangusa vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Jioni ile mumewe, pamba mdomoni, alivuta kiti akaketi kando yake kwa mara ya kwanza. Hakutania. Ndege ikapanda, jua likashuka, naye akawa anaelekeza kwa kidole: ilalie kulia, zaidi, bado kidogo, hapo. Mkewe akabonyeza. Picha ilipopatikana akanyoosha mkono kuzima kompyuta, mume akauzuia.

"Usituache huku juu, Kapteni," alisema kwa mdomo mzito wa ganzi. "Tushushe."

"Kutua sijui."

"Basi tuanguke wote."

Wakaanguka, tena ziwani, na mwenye pengo akacheka mpaka pamba ikamtoka.