Nimebaki Peke Yangu Mezani na Mwanangu Asiyekula

Admin, naomba unifiche kabisa, maana wifi yangu yumo humu kwenye page.

Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Iyunga hapa Mbeya, nauza vitenge kibandani, soko la Mwanjelwa. Mume wangu ni fundi ujenzi, kazi zake ziko kwao Iringa, nyumbani anakuja akipata nafasi. Tuna binti mmoja tu, yuko kidato cha tatu. Nitamwita Tumaini.

Tumaini alikuwa mtoto wa kula na kucheka. Aliporudi likizo kutoka shule ya bweni nilimpita pale stendi, sikumjua mpaka aliponishika mkono. Uso umekwisha, sweta linaning'inia. Nikadhani shuleni chakula ni kidogo, kumbe kipo, yeye ndiye asiyekula. Nikipika, ameshashiba. Nikimbembeleza, tumbo linauma. Majirani wakaanza maneno, mara mimba, mara TB, mara nimemtoa kafara ili vitenge vitoke. Hayo yote niliyasikia nikiwa nimesimama bombani na ndoo yangu.

Alipoanguka kanisani katikati ya kwaya nikampeleka hospitali. Daktari, dada mmoja mpole, alikaa naye peke yake kwanza, kisha akaniita. "Mama, huyu hana kiburi wala pepo. Ni ugonjwa. Anakiogopa chakula kama wewe unavyoogopa nyoka." Akaniambia wana utafiti wa kuona kama familia zinaweza kuwatibu watoto wa namna hii nyumbani. Wazazi ndio wanapanga chakula, wanampakulia, wanakaa naye mpaka amalize, bila kumgombeza wala kumpiga, na kliniki inafuatilia hali yake. "Ila baba na mama muwe na kauli moja," akasisitiza. Nikampigia mume wangu palepale. Akajibu, "Sawa, fanyeni." Nikasaini.

Jamani, hakuna aliyeniambia kukaa mezani kunachosha kuliko kulima. Ugali unapoa, maharage yanaganda, mtoto analia, "Mama unanichukia!" Siku nyingine sahani inaruka ukutani. Nami nimefundishwa nisipandishe sauti. Nafuta, napakua tena, nakaa. Kibanda nimemwachia mwenzangu. Marafiki wameacha kuja, wanasema nyumba yangu ina kelele. Natamani hata mtu wa kunishika bega aseme pole.

Lakini akaanza kula. Kidogo kidogo, kwa machozi, anamaliza. Juzi kati alisikia utani wa redioni akacheka, nikatoka nje nikalia nyuma ya choo asinione.

Ndipo mume wangu akaja, na dada yake. Wifi aliingia na salamu yao ya Iringa, "Kamwene", kwa furaha, akakuta tuko mezani, Tumaini analia juu ya sahani. Akanigeukia, "Wifi, mtoto unamshindilia kama gunia? Huku ni kumtesa." Mume wangu, aliyesema fanyeni, akachukua ile sahani akaiondoa. "Mwanangu, kama hutaki acha. Utaenda Iringa kwa shangazi, wakuombee, upumzike." Tumaini akafuta machozi haraka. "Ndiyo baba, nataka kwenda." Nikajua anachokitaka ni meza isiyo na mtu wa kumwangalia.

Nilimweleza mume wangu tena maneno ya daktari. Akasema, "Utafiti maana yake wanajaribu. Mwanangu si wa kujaribiwa." Daktari naye akampigia, akamwomba aje kliniki waongee. Hakwenda. Sala mimi siikatai, naomba kila siku. Ila nani huko atakaa naye wakati wa kula?

Kilichonivunja ni cha jana asubuhi. Tulikuwa uani sisi wawili tukichambua maharage, wenzetu wako ndani. Tumaini bila kuniangalia akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama, nikiomba kwenda Iringa, usinikubalie." Nikamuuliza, "Umesemaje, mwanangu?" Akaendelea kuchambua maharage. Nikamshika mkono nikaingia naye ndani, nikamwambia baba yake alichosema mtoto. Tumaini akainama. "Sijasema hivyo, baba. Nataka kwenda kwa shangazi." Wifi akapiga makofi. Mume wangu akaniangalia kama mwongo, akasema nikiendelea kumzuia, na mimi nirudi kwetu Tukuyu.

Jumamosi wanaondoka naye. Mama yangu mzazi, niliyemtegemea, ananiambia mtoto ni wa baba yake, nisivunje ndoa kwa ajili ya chakula.

Ndugu zangu, nishaurini. Nisimame mlangoni nimkatalie asiende, kwa ajili ya sauti ile ndogo niliyoisikia peke yangu, au nimwache aende? Na ninyi mliowahi kuuguza mtoto wa namna hii, naomba mniambie, mlikuwa mnakaa mezani na nani?