Tulivyomtafuta Bwana Keli

Iko Ijumaa moja ambayo sijaisahau, mwanangu. Nilitoka kanisani Doha nikiwa na njaa na haraka, kwa sababu zamu yangu ya hoteli ilikuwa inaanza alasiri. Kule Misa ya Jumapili tuliisali Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko, na nje ya lango tulikuwa wengi mno, Wafilipino, Wahindi, Waganda na sisi Wakenya, kila mtu akitafuta basi lake. Mdogo wangu Dominiki akanivuta mkono, akaniingiza kwenye kivuli cha ukuta, uso wake unang'aa kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Dada," akaniambia, "sisi ni Wairishi."

Nilimtazama. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni kule Trans Nzoia nikamfuta kamasi kwa leso yangu. Nikamwambia kwamba mimi ni Mbukusu, tena Mbukusu ambaye hajala, aniache nipande basi.

Ninayasimulia haya kwa sababu nasikia siku hizi mnatema mate ndani ya kichupa, mnayatuma ng'ambo, halafu mnaletewa asili yenu kwa simu. Sikatazi. Nataka tu ujue yaliyotupata sisi kabla hujafungua majibu hayo mezani mbele ya wazee wako.

Mama yetu, Brigita, alikuwa mweupe kuliko ndugu zake wote, na macho yake yalikuwa ya kijivu. Kijijini kila mtu aliijua sababu na hakuna aliyeitaja mbele yetu. Babu tuliyemjua sisi ni Wafula, aliyemwoa nyanya yetu Nasimiyu mama akiwa bado ananyonya. Lakini nyanya kabla ya hapo alikuwa mpishi katika shamba la Wazungu, na meneja wa shamba lile alikuwa Mwairishi aliyeitwa John Kelly, kwetu Bwana Keli. Wakati wa uhuru alifunga virago akaondoka. Habari zetu zilikuwa zimeishia hapo, na mimi sikuwa na shida nazo.

Dominiki alikuwa bawabu Lusail, mji mpya uliokuwa unajengwa kando ya Doha, enzi hizo ukiwa vumbi na winchi tu. Msimamizi wa kazi pale, naye Mwairishi, alimwambia siku moja wakipiga soga kwamba mtu akiwa na babu mmoja aliyezaliwa Ireland anaweza kuomba uraia wa huko. Maskini yule bwana hakujua amewasha nini. Wakati ule huwezi kuhama kazi bila ruhusa ya kafili wako, yaani tajiri aliyekuleta, na kafili wa Dominiki hakuwa mtu wa kutoa ruhusa. Mke na watoto wa Dominiki walikuwa Kitale, kitindamimba wao akimwita "mjomba" kila akienda likizo. Kwa hiyo kutamani pasi ya Ireland sikumlaumu. Kilichonichosha ni jinsi alivyoitafuta.

Vitabu vya ubatizo vya parokia za Ireland vilikuwa vimepigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, kila mtu avisome bure. Dominiki alikuwa akimaliza zamu anakimbilia saibakafe pale mtaa wa Najma, anakodoa macho kwenye mwandiko wa mapadre waliokufa zamani. Majina yameandikwa kwa Kilatini. John ni Joannes, James ni Jacobus, na karatasi imekunywa wino. Na akina Kelly ni wengi, mwanangu, ni wengi kama akina Wafula kwetu. Mimi niko hotelini West Bay nimepiga magoti ninasugua bafu la mgeni, simu inalia: "Dada, nimempata." Kabla wiki haijaisha amempata mwingine. Joannes huyu ana baba Patrick, yule ana baba Michael, wote ni babu yetu.

Kisha akagundua kwamba vitabu vile vya kwenye mtandao viliishia zamani mno, kabla Bwana Keli hajazaliwa. Vitabu vya wakati wake bado vilikuwa makabatini kwa maparoko. Tangu mwanzo alikuwa akimtafuta mtu mahali ambapo hangeweza kuwepo. Nilipomuuliza kwa nini hakutazama miaka kwanza, alinikasirikia mimi.

Akaanza kuwaandikia maparoko. Walimjibu kwa upole, wakimuuliza huyo John alitoka wilaya gani, na baba na mama yake waliitwa nani. Hakujua. Nyanya alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mtu pekee aliyeweza kujua alikuwa mama, na mama ukimgusa upande huo alihamia kwenye ng'ombe. Dominiki aliuliza, akaelezwa habari za ndama. Akanituma mimi. Nikauliza, nikaelezwa kwamba mvua imechelewa na mahindi yanakauka.

Likizo yake ilipofika akaenda nyumbani, na bila kumwambia mama akapitia misheni alikobatiziwa mama. Katekista akamfungulia kitabu. Kutoka kule kule alinipigia simu, na mimi niko kazini.

"Sikiliza," akasema. "Mtoto, Brigita. Mama, Nasimiyu. Baba wameweka mstari tu. Lakini msimamizi wa ubatizo, Dada, ni John Kelly. Ameweka sahihi yake mwenyewe."

Alikuwa na furaha. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa bafu la watu. Nilikuwa nimefunzwa katekisimu vizuri, na nilijua kwamba baba hawezi kumsimamia mtoto wake mwenyewe ubatizoni. Anayesimama pale kumshika mtoto lazima awe mtu mwingine. Kwa hiyo Bwana Keli alipoweka sahihi ile alikuwa anasema, mbele ya padre na mbele ya Mungu, kwamba yeye si baba wa mtoto huyu. Nilijaribu kumweleza Dominiki, lakini alikuwa ameshakata simu anamtafuta wakili.

Wakili akamwambia kwamba jina la msimamizi halimpi mtu uraia, ila mama akila kiapo kwamba ni mtoto wa John Kelly, labda pangekuwa na pa kuanzia. Basi Dominiki akaenda kwa mama, akamwekea nakala ya ukurasa ule mezani, pamoja na karatasi ya kiapo na kalamu. Yaliyosemwa pale nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayapishani.

Mama aliitazama karatasi bila kuigusa. "Nilijua kilichoandikwa hapo kabla hujazaliwa," akasema. "Mama yangu alinieleza. Nilipougua surua, aliyenibeba mgongoni hadi hospitali ni Wafula. Siku ya kuolewa, aliyenishika mkono ni Wafula. Huyo mwingine alinishikia mshumaa wa ubatizo, akarudi nyumbani kwa mke wake. Siendi kwa wakili kumwomba leo kitu alichoninyima nikiwa mchanga."

Dominiki akajibu vibaya. Alimwambia kwamba basi yeye ndiye anayemfungia mlango, yeye na wajukuu zake. Mama akainuka akaenda kukamua. Dominiki akarudi Doha akiwa amevimba, na hakumpigia mama simu tena.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza hasa. Mama ananipigia: muulize ndugu yako kama anakula. Namuuliza. Mwambie mama nakula. Namwambia. Muulize kama kule joto limepungua. Mwambie halijapungua. Watu wazima wawili, wote wana simu, na mimi katikati kama waya, nimetoka kutandika vitanda vya hoteli nzima, miguu imevimba. Ijumaa kanisani Dominiki alikaa benchi la nyuma, na kila nikigeuka namwona amekunja uso kama aliyelazwa njaa. Miezi ikapita hivyo.

Ijumaa moja nilikaa kwenye ngazi za nyumba tuliyopanga Najma, nikampigia mama nikiwa nimeazimia kumgombeza. Mimi, kumgombeza mama yangu. Nilikuwa nimefika mahali hapo.

"Mama, nimechoka na ninyi wawili," nikamwambia. "Dominiki ameshaelewa kwamba hutaki kiapo, na hatakuomba tena. Lakini hebu niambie, katika mambo haya yote, kuna chochote unachokitaka wewe?"



"Nataka kujua mama yake Keli aliitwa nani," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba nyanya alimwambia ni Keli aliyechagua jina la Brigita. Padre alikuwa na jina lingine tayari, Keli akalikataa, akashikilia hilo. Nyanya hakujua alilitoa wapi. "Na mimi nimeitwa hivyo maisha yangu yote," mama akasema, "sijui ni jina la nani."

Kisha akaendelea kwa sauti ile ile, kama anayenipa habari za sokoni, kwamba kwao Keli kuliitwa Roscommon, nyanya alizoea kutamka Roskomoni, na kwamba baba yake aliitwa Thomas.

Mwanangu, nilitaka kuitupa simu barabarani. Nikawaza macho ya Dominiki yaliyoharibika kwa kusoma akina Kelly wa nchi nzima, na zile barua, na ule ugomvi, na mama muda wote huo ana jina la wilaya na la baba mtu. Nikamuuliza, nikijizuia nisipandishe sauti, kwa nini hakusema.

"Mliniuliza mnachokitaka ninyi," akanijibu. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza ninachokitaka mimi."

Nilimfuata Dominiki siku hiyo hiyo, nikampa ujumbe kama nilivyopewa. Nilitarajia arukie ile Roscommon. Hakuirukia. Alikaa kitandani kwake, kitanda cha juu mwenzake amelala anakoroma, akauliza polepole, "Alisema hajui ni jina la nani?" Nikamwambia ndivyo alivyosema. Akaomba kalamu.

Aliandika upya kwa parokia za wilaya ile, na safari hii hakutaja pasi wala uraia. Moja ilijibu kwamba hawana mtu kama huyo. Nyingine haikujibu mpaka leo. Nilianza kumwambia asijipe matumaini, maana yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha kwamba akina Kelly wako kila mahali. Halafu karani wa parokia moja, mama mmoja mwenye maneno ya upole, akatuma jibu. Alikuwa amempata John, mtoto wa Thomas Kelly, na pembeni mwa jina lake padre wa baadaye alikuwa ameongeza, kama walivyozoea kufanya mtu akioa, kwamba alifunga ndoa Kitale, Kenya. Hapakuwa na shaka tena. Ndiye.

Dominiki hakunituma. Alisubiri Ijumaa, baada ya Misa akaja kwetu Najma, akakaa kwenye ngazi zile zile, akampigia mama mwenyewe. Nilisimama nyuma yake nikisikia kwenye spika. Hakuna aliyeomba msamaha. Alisalimu, akasema nina jibu lako.

"Mama yake aliitwa Brigid," akasoma. "Brigita, kwa Kilatini."



"Soma tena," mama akasema.

Akasoma tena.

"Basi Keli alijua mimi ni nani," mama akasema. Kisha, bila kungoja, akamuuliza Dominiki kama amekula. Machozi yakamtiririka Dominiki mpaka kwenye kola ya sare yake, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kwamba bado hajala lakini nitampa chakula.

Niliingia jikoni nikageuza ugali kwa hasira, mwanangu. Hasira yangu haikuwa tena kwa ndugu yangu wala kwa mama. Ilikuwa kwa yule mzee wa Roscommon, ambaye alikuwa ameshakufa na sikuweza kumwambia lolote. Aliweza kumpa mtoto jina la mama yake mzazi, akashindwa kumpa lake. Hata leo nikilifikiria sikio linapata moto.

Pasi haikupatikana. Dominiki alimaliza mkataba wake, akarudi Kitale, na sasa anaendesha basi la shule, na yule mtoto aliyemwita mjomba anamwita baba. Mama aliishi miaka kadhaa baadaye. Alizikwa kando ya Wafula, kama alivyoagiza, na msalabani tuliandika Brigita, binti Wafula. Siku moja kabla hajaugua nilimkuta anamweleza jirani, bila mtu kumuuliza, kwamba jina lake alilirithi kwa nyanya yake wa ng'ambo. Alisema hivyo kama mtu anayesema shamba lake linaishia wapi.

Sasa nasaha yangu ni hii. Tafuta watu wako, wala mtu asikutishe. Lakini kabla hujaandika barua kwa kanisa lolote, kabla hujatema mate ndani ya kichupa chochote, nenda kwa aliye hai ambaye mambo hayo yalimuumiza. Usimwulize kwanza anachojua. Muulize kama yeye angependa kujua kitu, na kama hataki, umwache na heshima yake. Unachokitafuta wewe kwa manufaa yako, yeye alikibeba kama aibu akiwa hajui hata kuongea, na si haki kumwekea aibu yake mezani pamoja na kalamu. Na ukiona ndugu zako wamenuniana, usikubali kuwa waya kwa miezi kama mimi. Wakalishe waongee mapema, upumzishe miguu yako.

Mungu akujalie wazee wenye kukuamini, na wewe akujalie subira ya kustahili kuaminiwa. Watoto wako walijue jina lako kutoka kinywani mwako mwenyewe, ukiwa hai na ukiwa unawatazama usoni. Amina.