Ishara ya Yonasi

Watu wa Rumonge walimjua kipa Hakimu kwa penalti moja. Ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu wa vyuo, dakika za mwisho, akaruka akautoa mpira nje, na kuanzia hapo chuo chao hakikushikika. Alibebwa juu juu hadi sokoni, wauza mikeke, samaki wa ziwa lao, wakampa bure.

Kumbe hakuwa amebahatisha. Yeye na Yonasi, beki wa timu, walikulia ufukweni Magara wakivua ndagala, yaani dagaa, na wavuvi wa pale hawapigi kelele samaki wakikaribia. Mshika taa hugusa bega la upande wa kuvuta wavu, basi. Ishara hiyo haina utani. Ukiidanganya, hakuna atakayepanda mtumbwi nawe tena. Yonasi, aliyewasoma wapigaji wote wa mwambao, akaihamishia uwanjani. Yeye aligusa bega, Hakimu akaruka. Msimu mzima.

Mechi ya mwisho walicheza na chuo cha Bugarama. Sare ingewapa kombe, na jukwaani alikaa mtu wa klabu ya Bujumbura, amekuja kumtazama Hakimu. Zikiwa zimebaki dakika chache, bila bao, Bugarama wakapata penalti. Yonasi akagusa bega la upande wa ziwa. Hakimu akarukia upande huo wa ziwani kwa moyo wake wote. Mpira ukaingia taratibu upande wa pili, wa michikichi.

Filimbi ilipolia Hakimu alimkimbilia mwenzake.

“Yonasi, ndugu yangu, umenionyesha ziwani!”

“Ndiyo, nimekuonyesha ziwani.” Wala hakupepesa macho. “Sezoni muzima banakubeba wewe. Hata siku moja, jina yangu ulitaja?”

Hakimu alitamani kumkaba koo. Mtu aliyekula naye sahani moja tangu utoto amemuuza mchana kweupe, tena kwa makusudi! Lakini angemshtaki kwa nani? Akifungua mdomo, amekiri kwamba sifa zote alizokula zilikuwa za mwingine. Yule mtu wa Bujumbura alikwisha kuondoka.

Kocha akawakusanya, uso umemvimba.

“Hakimu, wewe ulikuwa unaangalia wapi?”

Yonasi ndiye aliyesimama kujibu.

“Kocha, mumuache. Kipa naye ni mutu. Tumusamehe tu.”

Timu nzima ikampigia Yonasi makofi.