Siku Tulipoivisha Landrova Ngozi ya Mpira

Landrova ya baba ilikuwa na tundu sakafuni, nyuma karibu na mlango, pana kama sahani ya wali. Kwa ajili ya tundu lile niliijua barabara ya Pongwe kuliko mtu yeyote. Wenzangu waliijua kwa kutazama mbele; mimi niliijua kwa chini: hapa kokoto, hapa tope, hapa mbuzi kapita. Siku moja kiatu changu cha kushoto kilidumbukia humo na baba akakataa kusimama.

"Nisimamishe gari ambalo sijui kama litawaka tena?"

Nikaingia darasani na kiatu kimoja. Mwalimu akauliza cha pili kiko wapi. Nikamjibu kimeelekea Muheza. Nilichapwa viboko vinne, na hadi leo naona jibu lilikuwa sahihi.

Aliyetoboa sakafu ile ni samaki. Miaka ya foleni, vitu vilipoadimika, baba alibeba ng'onda, samaki wa kutiwa chumvi, na magunia ya chumvi, maji yake yakavuja, yakakaa, yakala chuma. Bati la kuzibia halikupatikana, rangi haikupatikana, na gari liliishi kwa ujanja. Viti vilijazwa mkonge, ukikaa unachomwa. Mkanda wa feni ulikuwa soksi ndefu za mama. Breki zilikunywa maji ya sabuni, na wiki ambayo sabuni haikupatikana tulisoma dua.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungua biashara. Maduka yakajaa ghafla, na ikaja pia kazi. Hospitali moja ilikuwa na ofisi Raskazone, na ilitafuta gari la kupeleka wauguzi na chanjo vijijini, kazi ya mwaka mzima. Sista mkuu, mama mmoja mrefu mwenye saa iliyoning'inia kifuani, alikuja kwetu Chumbageni kuikagua Landrova. Aliinama nje, akapitisha mkono tunduni kutokea chini, akatupungia.

"Mzee," alimwambia baba alipoinuka, "gari lako lina moyo, lakini halina sakafu. Watoto wa chanjo hawawezi kukaa juu ya kutu na harufu ya papa. Zibeni. Nataka sakafu ninayoweza kuimwagia maji na dawa nikaisugua. Nitawatazama Ijumaa ya pili kuanzia leo."

Baba hakulala. Tajiri mmoja wa chumvi alikuwa amekwisha kuitaka Landrova aikate vipande auze vyuma. Bila kazi ya Sista gari lingekwenda huko, na baba angerudi kukata mkonge mashambani, alikotoka na makovu mikononi. Hakulisema hilo. Alikuwa akiitazama mikono yake tu.

Tundu lilizibwa kwa bati siku mbili zile za mwanzo. Swali likabaki: juu ya bati tupake nini, chumvi isilile tena?

"Lami," alisema baba, aliyekuwa na nusu debe ya lami iliyoachwa na watengeneza barabara.

"Umesahau ya jirani?" aliuliza mama. "Alipaka lami, jua la saa saba likawaka, abiria wakashuka wakaacha viatu. Gari lilirudi limebeba jozi kumi na moja na watu hamna. Afadhali mpige saruji kama choo, mmalize."

Hapo akaingia mjomba, kaka yake mama. Alikuja kutoka Pemba kututembelea siku tatu, na huo ulikuwa mwezi wake wa tano kwetu. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za majahazi kwa deheni, yaani chokaa iliyokorogwa na mafuta mpaka ikawa kama unga wa chapati. Na kila chombo, kabla ya lolote, alikipaka sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo ukiyanusa mara moja huhitaji kuambiwa mara ya pili.

"Deheni, shemeji. Chini sifa, juu deheni. Utamrithisha mjukuu."

"Landrova si jahazi."

"Ngoja masika, utaniambia."

Mimi nilikuwa na langu. Mjini kulikuwa na muuza duka mmoja, Muislamu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Tanga wa vizazi, ambaye ukimsikia bila kumwona utadhani ni mzee wa pwani, wa Mtang'ata. Miaka ya foleni duka lake lilikuwa na vitu vitatu: tambi za taa, sindano, na yeye mwenyewe. Sasa ulikuwa huwezi kuingia bila kugonga ndoo za Dubai. Nilikuwa nimesikia ana pipa la mpira wa kupulizia ndani ya magari. Nikamkokota baba.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na baba, kwa hiyo leo pipi zangu zina amani."

Akatoa kifuniko cha debe kilichopuliziwa, akakiweka chini, akakipiga nyundo. Nyundo ikaruka. Akampa baba naye apige. Baba akapiga mara tano, nadhani mara tatu za mwisho zilikuwa za tajiri wa chumvi.

"Hii ni rangi au mpira?"

"Inaingia rangi, inakauka mpira."

"Kama uji ukipoa," nilisema.

"Kama uji wa mama yako," alijibu, naye aliwahi kula kwetu Ramadhani.

Kulikuwa na ya kijivu na nyeusi, laini na yenye chengachenga. Baba alitaka nyeusi, inaficha uchafu. Nikamkumbusha kwamba Sista ni mtu aliyetupungia mkono kupitia tunduni. Kwake hakuna cha kufichika. Kuhusu chenga, muuza duka alisema zinazuia miguu isiteleze. Mimi nikasema zinashika magamba ya samaki. Wakabishana wazee wawili kuhusu miguu na magamba mpaka adhana ikawaamua.

Niliomba kile kifuniko nikaenda nacho nyumbani. Shuleni tulikuwa tunafundishwa jaribio bila vifaa: mwalimu anachora chupa ubaoni, nasi tunaandika kwamba maji yamebadilika rangi. Sasa nilikuwa na vifaa. Kifuniko cha pili nikakipaka lami ya baba, cha tatu mjomba akakitia deheni kwa madaha kama anampaka mwali hina. Vyote vitatu nikavimwagia maji ya ng'onda, nikaviweka juu ya paa siku nne.

Lami iliyeyuka, ikamkamata paka wa jirani miguu miwili. Kelele zake zilisikika mpaka msikitini. Deheni ilistahimili jua na chumvi, lakini nilipoipiga kwa mchi wa kinu ikapasuka.

"Nani anapiga chombo kwa mchi?" alifoka mjomba. "Baharini kuna kinu?"

Mpira ulikuwa vilevile. Nikauchora kwa bikari yangu ya hesabu, bikari ikapinda. Baba akakigeuza kifuniko mara nyingi, akasema, "Kijivu. Laini." Basi, ikawa imeamuliwa.

Muuza duka alikuja kulitazama gari siku ya kumi jioni, kabla ya kupulizia kesho yake. Alitoa sharti moja tu. "Muisugue kwa msasa mpaka ing'ae, iwe kavu, isiwe na mafuta hata tone. Mafuta na dawa yangu ni kama rangi ya kucha na udhu. Juu utaona maji, chini hayakufika, na sala yako hamna."

Baba alisugua mpaka vidole vikatoka damu. Kisha akaenda kuoga, na mjomba akaniita uani. Mkononi alikuwa na chupa ya sifa.

"Mwana wa dada. Huyu Mhindi anajua rangi, hajui chuma. Chuma kikavu kinalilia mafuta. Ukifunika juu na chini kuna kiu, kutu italia ndani kwa ndani. Kipake."

"Mjomba, amesema hata tone."

"Amesema yeye. Na mimi Jumanne nilimwona nani kwenye sinema ya mchana, na sare ya shule? Au nimuulize mamako kama anamfahamu yule msichana?"

Sikuwa na sababu ya kisayansi ya kukataa. Nikapaka. Na kwa kuwa nikifanya jambo sifanyi nusu, nilipaka chupa nzima, kona kwa kona, kisha nikafuta kwa kitambaa mpaka pakawa pakavu kwa macho. Ikabaki harufu. Nikachukua chetezo cha mama, nikatia ubani na udi, nikalifukiza gari milango imefungwa, nusu saa.

Asubuhi muuza duka akafika na kompresa yake, akafungua mlango wa nyuma, akasimama.

"Gari hili linaolewa na nani?"

"Ni wanawake wa nyumbani," alisema baba, naye akishangaa. "Wanatafuta baraka."

"Baraka haina neno," alisema, akavaa kitambaa puani, akapulizia. Sijaona kitu kizuri namna ile. Kijivu kilienea sakafuni kikapanda kando shibiri moja, laini kama maziwa ya mgando. Akatuamuru tusikiguse siku nzima. Baba aliketi kibarazani akilinda, akimfukuza kila kuku aliyetazama upande ule.

Ijumaa tukaenda Raskazone, baba, mimi, na mjomba aliyesema anataka tu kupunga upepo. Sista alikuwa anatungoja kibarazani na ndoo mbili za maji. Tulimwamkia, akaitikia, akavua viatu, akapanda nyuma. Akaruka mara mbili. Akapiga magoti, akanusa. Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

"Pazuri," alisema. "Panang'aa." Baba akaanza kutabasamu. Kisha Sista akamwaga ndoo ya kwanza.

Maji yalisambaa, yakaenda mpaka kwenye kona ya mlango, na pale yakapotea. Yakaingia chini. Kona ikainuka. Sakafu nzima ikavimba katikati, ikashuka, kama tumbo la mtu aliyelala. Sista akaishika ile kona kwa vidole viwili akavuta, na mpira wote ukabanduka, mzima, na kingo zake zote, kwa sauti kama busu la shangazi. Akabaki amesimama ameshika sinia kubwa la mpira, maji yakimchuruzika kiwikoni. Chini, bati liling'aa kama kijiko.

Mjomba akageuka kutazama bahari, kama aliyeitwa. Baba aliitazama mikono yake. Nikajua anayaona mashamba ya mkonge safu kwa safu. Nikajua pia chupa nzima ilipita mikononi mwangu, wala si mwa mjomba.

"Imetengenezwa hivyo, Sista," nilisema.

"Vipi?"

"Inatoka. Iliyogandishwa huwezi kuisugua chini, uchafu unakaa huko. Hii unaitoa, unaifua, unaianika kama mkeka, unairudisha. Ni mtindo mpya. Wa Dubai."

Sista aliinama. Akapitisha kidole kwenye bati, akakinusa. "Na haya mafuta ya papa, nayo ya Dubai?"

"Hayo ya Pemba," alisema mjomba bila kugeuka. Hakuweza kuvumilia kazi yake kunyang'anywa. "Ndiyo yanayozuia kutu."

"Wewe mtoto uko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu, Sista."

"Na uongo unausoma kidato cha ngapi?"

Hilo swali halikuwa na jibu la viboko chini ya vinne.

Akalikunja lile sinia, akalikunjua, akalimwagia ndoo ya pili, akalining'iniza kwenye ukuta wa kibaraza. Maji yakachuruzika yote mara moja. Alizunguka gari. Akagonga bati. Kisha akamgeukia baba.

"Mzee, gari la mwisho nililokodi, sakafu yake ilikuwa haitoki. Nililisugua mwaka mzima na bado lilinuka. Hili naweza kulivua nguo nikalifua. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, tunakwenda vijijini." Baba akafungua mdomo kushukuru. Akamzuia. "Kwa sharti. Aliyevumbua mtindo huu atakuja kuufua mwenyewe. Kila Jumamosi, mpaka amalize shule."

Njiani baba alishika usukani kwa mikono miwili. Tulipopinda kuingia Chumbageni akauliza, polepole, "Nani alipaka?"

"Mjomba," nilisema.

"Mwanao," alisema mjomba, sauti zetu zikagongana.

Baba akasimamisha gari katikati ya barabara, gari ambalo hakujua kama lingewaka tena, akaweka paji la uso juu ya usukani, mabega yakamtetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka honi ikalia.

Muuza duka alikuja kunitafuta wiki mbili baadaye. Alikuwa amesikia, akakasirika, kisha watu watatu wakaenda kumwuliza ule mpira wa kutoka. Akanivuta pembeni na kuninong'oneza, "Mwanangu, mlipaka kiasi gani?" Sijamwambia. Namwambia bado najaribu kukumbuka, huku nikizitazama pipi.

Sasa niko kidato cha nne. Kila Jumamosi naupiga brashi mkeka wa Landrova nyuma ya ofisi, Sista akinichungulia dirishani, na kila ninapoufungua harufu ya sifa inaamka upya. Paka wa Raskazone wameshaijua siku. Wanakuja sita, saba, wanakaa mmoja nyuma ya mwenzake, kimya, kama foleni ya sukari ya zamani.

Nami nawaambia kama tulivyokuwa tukiambiwa: "Hamna. Rudini kesho."