Wageni Wasiotaka Taa

Mpiga picha wetu wa Cheyo hapa Tabora, rafiki yangu, amefariki. Habari nilipewa na fundi cherehani, jirani yake, ambaye baada ya kusema "Mungu amrehemu" aliuliza papo hapo, "Sasa picha zangu za pasipoti nitazipata kwa nani?" Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikakumbuka kwamba na zangu zimo humo humo studioni. Marehemu alikuwa na kasoro hiyo moja. Sisi binadamu alitupiga picha kwa sekunde moja na kutuchelewesha wiki mbili, kwa sababu moyo wake wote ulikuwa kwenye makundi ya galaksi, vijiji vya mbali mno angani ambavyo kila nyumba yake ina nyota mabilioni.

Picha za namna hiyo hudai giza nene. Basi kila mwezi ulipofichama alipanda baiskeli hadi kijijini Ntalikwa, kwenye shamba la karanga la mama mmoja Mkatoliki aliyemruhusu kukaa pale. Kamera aliifunga kwenye mbao iliyozungushwa na mota ya redio ya kaseti, ili ifuate nyota polepole. Nguzo za umeme zilikuwa zimeshasimama, bado nyaya tu, naye alitaka apate walau kundi moja kabla taa hazijawaka. Nilimsindikiza usiku mmoja. Ndiyo kwanza kamera imefunguliwa, mama akaja na taa ya chemli, akaitua miguuni petu.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Mbona mmekaa gizani kama wezi?"

"Mama, nasubiri wageni," rafiki yangu akajibu kwa upole. "Ni nuru ya huko juu. Imesafiri mamilioni ya miaka."

"Wametoka mbali hivyo, halafu unawapokea gizani? Hapa Tabora misafara ya zamani ilipokelewa kwa mioto, baba. Usituaibishe!" Akarudi ndani, akaleta na taa ya sola.

Mambo yakawa hayo hayo usiku wa pili na wa tatu. Rafiki yangu alikonda. Mwishowe alimpelekea mama picha yenyewe, ya rangi ya chungwa tupu kama juisi iliyomwagika. Mama akaitazama sana. "Wageni wako wapi?" "Walifika, mama. Taa yako ikawafunika." Mama alishika kichwa. "Yesu na Maria! Nimefukuza wageni!" Mwezi ulipofichama tena alipita nyumba kwa nyumba na fimbo, akizimisha taa. Ugali uliliwa jua halijazama, na mzee mmoja aliamriwa kuzima sigara yake kwenye kibaraza chake mwenyewe. Kundi likapatikana, nyaya zikafungwa wiki iliyofuata. Nisiwadanganye wasomaji wangu, mimi niliona kitambaa cheusi kilichonyunyiziwa unga. Yeye picha hiyo aliitundika studioni katikati ya picha za pasipoti, akawa anaipangusa vumbi kila asubuhi.

Usiku wa maziko, baada ya isha, tulikuwa tumekaa matangani Cheyo chini ya taa kali, jenereta ikinguruma. Mama wa Ntalikwa akaingia, amejifunga khanga mbili, amechoka kwa safari. Akaangalia zile taa, akamwendea shehe moja kwa moja. "Baba shehe, huyu mtu wageni wake ni wa gizani. Leo watakuja kumuaga, mtawafukuza tena kama nilivyowafukuza mimi?" Watu wakaguna. Shehe akawageukia vijana wa jenereta, akasema, "Zimeni." Dua tuliisoma gizani. Nilikanyaga sinia la pilau, nikatukanwa na mtu nisiyemwona, na hapo nikainua macho. Nilikuwa sijawahi kuangalia juu tangu nihamie Cheyo. Nilimlilia rafiki yangu kwa sauti, bila haya.

Nimejifunza kwamba si kila mtu anayekaa gizani anahitaji taa yetu. Wengine wanahitaji tuwaulize kwanza wanamsubiri nani. Jana nilizima taa ya kibarazani, nikatoa kiti nje. Haikupita dakika kumi, jirani akaja mbio na tochi, ananimulika usoni. "Mzee, umeishiwa umeme? Nikununulie?"

"Izime, ndugu yangu, ukae," nikamwambia. "Nina wageni."