Siku Niliyoahidi Kupunguza Ng'ombe Nisiokuwa Nao

Mimi nina aibu moja ambayo siwezi kuvitwika vita wala kumtwika shetani, maana niliitengeneza mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti ya kanisani. Vita nimevikimbia, njaa naijua kwa jina, foleni ya posho nimesimama hadi miguu ikavimba, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachonifanya niinamishe kichwa nikipita Mbarara mjini kama ile siku ya filamu. Wacha niwasimulie, mcheke, kicheko ni halali yenu.

Nilikuwa na ng'ombe watatu. (Nawatajia idadi kwa sababu hawapo tena, kwetu Kongo, milimani Kivu ya Kusini, ng'ombe aliye hai hahesabiwi kwa mdomo, ukimhesabu ni kama unakiita kifo kije kuchagua.) Baba yangu aliacha zizi zima kule, wenye bunduki wakalimaliza, na mimi nikafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, na mke, watoto wanne na fimbo ya kuchungia isiyokuwa na wa kumchunga. Nililima maharage miaka mingi kabla ya kupata ndama wa kwanza, na hao wengine wawili alizaa yeye. Lakini ndani ya kambi kila kipande ni shamba la mtu, ng'ombe akivuka tu ni kesi, basi nikaenda kuomba malisho nje ya kambi, Endiinzi, kwa Mzee Kamugisha, Mnyankore mfugaji, mtu wa maneno machache. Mzee aliwaangalia ng'ombe wangu usoni mmoja mmoja, na yeye hakuhesabu, akasema, "Hii nimeona. Ingine sitaki kuona." Majirani zake walikuwa wamekwisha kunung'unika kwamba ng'ombe za wakimbizi zinamaliza maji ya bwawa. Nikamwapia kwa Mungu kwamba hakuna mwingine, na ilikuwa kweli. Maziwa ya ng'ombe hao ndiyo yaliyokuwa yakilea watoto wangu.

Sasa mwaka huo jua likawaka kuliko kawaida, bwawa likabaki tope, na redio za Mbarara zikaanza kutuambia mvua imepotea kwa sababu ya ng'ombe. Eti anapocheua na kubeua anatoa hewa mbaya inayopanda juu na kuipasha dunia joto. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Huku kambini wapo wanaokata miti kuchoma makaa, makaa yanapakiwa malori kwenda mjini, mjini wanayatumia kuchomea nyama, lakini mkosaji ni ng'ombe wangu aliyelala akitafuna. Mke wangu, Mama Neema, yeye hakucheka. Alisema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Batu bakianza kukusema ku redio, haiishiaka ku redio."

Haikupita muda tukasikia kuna watu wanatengeneza filamu ya mambo ya ukame na wanamtafuta mfugaji mkimbizi wa kuzungumza naye. Nani akajitokeza mbele? Mimi. Na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulionila. Nilijitazama, mwana wa mwenye zizi, nikaona siwezi kupigwa picha itakayozunguka dunia nzima nikiwa na ng'ombe wanaotosha kwenye kivuli cha mti mmoja. Nikamwendea Sadoki, ndugu yangu wa kanisani, ambaye alikuwa na kundi la maana upande mwingine wa ziwa lililo kando ya kambi, nikamwomba alete wake kunywa maji ziwani saa ileile nitakapoleta wangu. Sadoki akaniuliza, "Juu ya nini?" Nikamjibu, "Ni ya picha tu, ndugu, itaisha mu saa moja." Akakubali, maana ni mtu mwema, na wema wake nao niliulipa vibaya kama mtakavyosikia.

Wakaja na magari mawili makubwa, wakayaegesha kando ya ziwa na kuyaacha yananguruma mchana kutwa ili ndani kuwe na baridi. Kamera ikawekwa. Mimi katikati ya kundi, suti nyeusi, tai, fimbo begani, ng'ombe kila upande, hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini ni wangu. Aliyekuwa akiuliza alikuwa dada mmoja mwanahabari wa Mbarara, mpole, anatabasamu, ananiita ssebo, yaani bwana.

"Ssebo, hii ng'ombe yote ni yako?"

"Ni yetu," nikasema. (Kwetu, aliyesimama na fimbo mbele ya mgeni husema hivyo, ni heshima.)

"Ni ngapi?"

Wafugaji mtanielewa. Ningejibu nini? Nikacheka kwa adabu, nikatazama pembeni, nikasema, "Ni mingi. Mungu amebariki." Hivyo ndivyo baba alivyojibu maisha yake yote, na babu kabla yake. Dada akaandika kwenye daftari lake, akanishukuru, wakaondoka, na mimi nikarudi nyumbani nikitembea kwa miguu ya waziri.

Baada ya wiki kadhaa tukaalikwa Mbarara, kwenye ukumbi wa hoteli, filamu ionyeshwe mbele ya watu wa serikali, wa mashirika na wa magazeti. Mtu mwenye akili angekwenda peke yake. Mimi nilialika kanisa. Alikuja Pasta, akaja Mama Neema, akaja Sadoki, na nikapanda boda hadi Endiinzi kumwomba Mzee Kamugisha naye aje, iwe namna yangu ya kumshukuru kwa malisho, na Mzee wa watu akavaa koti lake na kofia, nikamkalisha kiti cha mbele kabisa.

Taa zikazimwa. Kwanza ikaonekana ardhi iliyopasuka. Kisha mzoga wa ng'ombe, mbavu nje (sio wa kwetu, sijui waliutoa wapi). Kisha nyama mbichi kwenye meza, inadondosha damu polepole, na muziki wa msiba. Halafu nikatokea mimi, nacheka. Ukumbi ukaguna. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na Pasta, aliyeketi kando yangu, alikuwa akinitafsiria sikioni, kila mara sauti yake ikizidi kushuka: "Banasema bachungaji kama huyu banaharibu fasi ya kuchungia... Banasema ana ng'ombe mingi mupaka... Papa Neema, banasema weye mwenyewe haujue hesabu yabo."

Watu wakacheka. Si kicheko cha furaha, kile cha kumsikitikia mtu mpumbavu. Nilitaka kusimama niseme kwamba naijua hesabu, naijua kama ninavyowajua watoto wangu, ndiyo maana siitaji. Lakini unaanzia wapi kumweleza hivyo mtu aliyekwisha kukuwekea muziki wa msiba?

Taa zikawashwa. Bwana mmoja aliyekuwa akiongoza mkutano akasema tunaye humu ndani yule mfugaji wa kwenye filamu, apigiwe makofi. Nikasimama, na suti ileile, maana sina nyingine. Akaniuliza kwa kupitia yule dada mwanahabari kama, baada ya kuona haya, niko tayari kuwa mfano kwa wenzangu na kuahidi kupunguza ng'ombe wangu, walau nusu. Wote wakanigeukia. Hapo nilikuwa na mlango mmoja wa kutokea: kusema kwamba wale si wangu, niliwaazima kwa ajili ya picha, kwa majivuno. Pasta alikuwa ananitazama. Mama Neema alikuwa ananitazama. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ndiyo. Nitapunguza nusu."

Makofi. Nusu ya watatu, hebu nipigieni nyinyi hesabu hiyo.

Sadoki hakupiga makofi. Alinisogelea, akasema taratibu bila hata kunitazama, "Umeuzisha ng'ombe zangu mbele ya batu." Akatoka, akapanda gari la kurudi kambini peke yake. Sisi wengine tukaelekezwa kwenye chakula, na chakula kilikuwa nyama ya ng'ombe, ya kukaanga na ya mchuzi, na wale waliokuwa wameguna gizani wakapanga foleni na sahani zao wakiulizana kama kuna ya mifupa. Na mimi nilikula, siwadanganyi. Nilikula vipande vinne, nikiwa na hasira, na vilikuwa vitamu.

Siku ya pili yake nilipofika Endiinzi, Mzee Kamugisha alikuwa amekwisha kuwatoa ng'ombe wangu nje ya wigo. Walikuwa wamesimama barabarani wakiningoja. Mzee hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Jana ulisema mbele ya watu utapunguza," akaniambia. "Mimi nilisikia. Sasa anza na hii ya hapa kwangu. Ile ingine bado uko nayo."

"Mzee, hakuna ingine. Zile ni za Sadoki. Nilizikopa tu juu ya picha."

"Basi ulidanganya wale wakubwa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na kanisa yako?"

"Ndiyo."

"Na sasa unataka mimi niamini nini, ssebo? Hapa kijiji wananiuliza kwa nini nakaribisha tajiri kumaliza maji yao. Mimi niwaambie nini?"

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi, mtu mzima, nikamwambia watoto wangu wanakunywa kutoka kwa hao. Akaninyanyua kwa mkono, kwa upole, akafunga lango.

Niliwazungusha siku kadhaa kando ya barabara, nikafukuzwa kila shamba, wakabaki pembe na ngozi, na mwishowe nikawapeleka Kabingo kwa mfanyabiashara anayepeleka nyama kwa mabucha ya Kakoba, kule Mbarara mjini. Aliwapandisha garini akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na mimi nikaziba masikio kama mtoto. Kwa hiyo ile ahadi nimeitimiza, tena zaidi ya nusu, na hakuna aliyekuja kunipigia picha.

Tangu hapo nimejiwekea nadhiri, na nyinyi muwe mashahidi: sitamruhusu mtu yeyote anipige picha nikiwa mkubwa kuliko nilivyo, maana watu husamehe umaskini wako, lakini utajiri wa uongo utaulipa kwa ule mdogo wa kweli uliokuwa nao. Asubuhi Mama Neema anawamiminia watoto chai ya rangi. Yule mdogo bado hukiinamisha kikombe, akachungulia ndani, kisha ananitazama mimi.