Kahawa Kwanza

Nilipewa kazi ya kuisemea familia yetu siku tuliyokwenda Muleba kumposea mdogo wangu. Njia nzima kutoka Bukoba nilikariri karatasi yangu, na tulipokaribishwa sebuleni sikungoja hata kupumua. Nilisimama, nikaanza kuhutubia.

Hakuna aliyeitikia. Wenyeji waliangalia sakafu, mjomba wangu akakohoa, na mimi nikazidi kupaza sauti kana kwamba wote ni viziwi.

Ndipo shangazi wa binti akapiga magoti mbele yangu na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. “Mwanangu, kaa kwanza,” akasema kwa upole. “Mgeni hasemi kabla ya kahawa.”

Na hilo nalijua tangu utotoni kwetu Nyanga! Woga tu ndio ulionisahaulisha. Nikakaa, nikachukua buni mbili, nikatafuna. Zilikuwa chungu na ngumu, na mtu hawezi kuhutubia huku anazitafuna. Nikajiuliza kama mababu walipanga hivyo makusudi, ili mgeni anyamaze kidogo na kuangalia amefika kwa nani.

Basi nikaangalia. Kikapu kilikuwa kimemfikia baba wa binti, ambaye ndiye angenijibu. Buni moja ilimponyoka, ikaanguka. Alipoinama kuiokota, karatasi ilichungulia kwenye mfuko wa shati lake, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kuchanika.